Shikamoo Kutoka Darini

Jamani, kuna watu wa Izia, mtaa wa ukweni kwangu, ambao mpaka leo tukikutana njiani hawaniangalii usoni, wananiangalia mguu wa kulia, halafu wanaziba mdomo kwa kiganja na kupita, na mimi nanyamaza kwa sababu najua walichokiona. Walichokiona ni mguu huo mzima, kuanzia unyayo mpaka mahali ambapo mkwe mwenye adabu hapaswi kupaonesha ukweni, ukining'inia kutoka darini katikati ya rozari. Aibu hiyo ni yangu, sikatai, wala sitaki mtu anisaidie kuibeba. Ila nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjacheka, maana sijui kama mmewahi kumwona mtu aliyeaibika kiasi hicho na bado akarudi nyumbani kwake anaimba.

Nianze na Bibi. Bibi ni mama yake baba mkwe, na ndiye aliyemlea mke wangu Oresta pamoja na mdogo wake Skolastika. Skolastika alipomaliza shule akaingia utawa, akapelekwa ng'ambo, na sasa ilikuwa imefika zamu yake ya kuweka nadhiri za daima, na misa yenyewe ingerushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Bibi alikuwa akiisubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri mvua ya kwanza. Basi, mwezi mmoja kabla, akateleza jikoni akavunjika nyonga, daktari akasema asisogezwe hata kidogo, alale palepale chumbani kwake mpaka mfupa ushike. Tukamwambia tutamsimulia kila kitu. Akakataa.

"Sitaki kusimuliwa," alisema. "Kusimuliwa nimesimuliwa sana. Nataka nimwone mwenyewe, kwa macho haya, kabla hayajafumba."

Sasa tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba ya baba mkwe imejengwa kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi wetu, nyuma ikiwa nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, kuta nene mpaka dirishani unaweza kukalisha mtoto, na huko ndiko kwa Bibi. Ikafuata chumba kikubwa cha kati, chenye mlango wa kuingilia kwa Bibi. Halafu miaka hii ya karibuni ikaongezwa sebule ya kisasa mbele, ambayo haina mlango wa kwenda chumba cha kati, yaani ukitaka kutoka sebuleni kwenda kwa Bibi lazima utoke nje uzunguke uani. Bati tu ndilo lililounganisha vyote. Kidishi cha intaneti kiko mbele, ruta iko sebuleni, mawimbi yake yakifika chumba cha kati yamechoka, kwa Bibi hayafiki, na simu nazo kule nyuma zikishika ni kwa sekunde tu. Tulijaribu siku moja, Skolastika akatokea kwenye kioo cha simu, akafungua mdomo kusalimia, akaganda hapohapo mdomo wazi. Bibi akamtazama kwa muda mrefu, akauliza, "Kafa?"

"Hajafa, Bibi, ni mtandao."

"Basi siku ya nadhiri msiniletee mtandao unaokufa."

Kwa hiyo ulihitajika waya. Fundi akaletwa, akazunguka nyumba, akatazama juu, akatingisha kichwa. Kuzungusha waya kwa nje hakuwezekani, mafungu ya waya yaliyokuwepo madukani mjini yalikuwa mafupi kwa mzunguko ule, waya ungetosha ukipita juu moja kwa moja tu. Mlango wa kupandia darini ulikuwa umeshazibwa (mama mkwe ndiye aliyeagiza uzibwe, kisa popo). Kutoboa kuta baba mkwe hakutaka hata kusikia. Kutoboa dari ya chumba cha kati mama mkwe naye akasema hapana, imepakwa rangi juzi kwa ajili ya wageni, isiguswe na mtu. Fundi akafunga mfuko wake, akaaga.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Mimi ni bwana mifugo, Msukuma wa kuzaliwa bonde la huku Rukwa, wazazi walihamia na ng'ombe wao, na nimeoa Ufipani, kwa hiyo pale ukweni nikisema neno moja shemeji yangu Kalisto analo la kunijibu kabla sijafika nukta. Nikasema, mbele ya watu wote, "Mimi nimeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe kule Kizwite nikamtoa ndama aliyekuja kinyumenyume, nishindwe na dari?"

"Shemeji," Kalisto akasema, "ng'ombe ana mlango."

Watu wakacheka, na mimi nikaumia, na mwanaume akiumia hivyo ndipo anapoanza kuapa. Nikaapa kwamba waya utafika.

Siku yenyewe tukafika mapema, nimevaa suruali ya kitambaa rangi ya maziwa ambayo Oresta aliipiga pasi mpaka ikawa na makali. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nipande ngazi kwa nje, nipenye kwenye tundu la hewa lililo juu ya ukuta wa sebule, chini kidogo ya bati, nitambae juu ya mbao za kenchi nikiuvuta waya, nivuke sebule, nivuke chumba cha kati, nifike juu ya chumba cha Bibi ambacho hakina dari kabisa, niuteremshe hapo kwenye kompyuta tuliyomwekea kando ya kitanda. Bibi nilimpa kazi moja. Agonge ukuta kwa bakora yake, ili mimi kule gizani nijue mwelekeo.

Tundu lenyewe lilikuwa jembamba, na ndani ya tundu kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi. Nikaitazama ile suruali. Ndugu zangu, uamuzi mdogo ndio huo. Nikaivua, nikaitundika kwenye ngazi, nikabaki na fulana na bukta (ya bluu, ya zamani, siisemi zaidi ya hapo).

"Baba Neema," Oresta akaniambia kutoka chini, "utaingiaje darini na bukta ukweni?"

"Nani ataniona darini, mama?"

Akaniangalia kama mtu anayetazama mbuzi aking'ang'ana na kamba, akarudi jikoni. Nikapenya. Mabega yalikataa, nikayageuza, yakakubali, nikatokea ndani nikiwa nimechubuka pande zote mbili na nimefurahi sana. Kichwa kimoja cha waya nikakiteremsha sebuleni kupitia palipopita waya wa kidishi, cha pili nikajifunga kiunoni kwa ile kamba yangu ya kuvutia ndama, nikaanza safari. Ko, ko, ko, bakora ya Bibi ilisikika kwa mbali. Popo wakanitazama. Nikavuka sebule yote bila kukanyaga mahali pabaya, na nawaambia kweli, nilijisikia mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Kalisto, akidhani nimeshashuka, alikuja kuchukua ngazi akaondoe mfuko wa plastiki ambao upepo wetu huu ulikuwa umeuviringisha kwenye kidishi, na suruali akaiona imetundikwa akaikunja akaipeleka ndani pamoja na nguo zilizofuliwa. Mtu mwema sana Kalisto, akitaka.

Na kingine nilichokuwa sijui ni kwamba jumuiya, majirani wa kanisani walioalikwa kusali rozari kabla ya misa, ingewahi. Jumuiya yetu ikiambiwa rozari saa tisa huwa inafika saa kumi, kila mtu anajua, hata Mungu amezoea. Siku hiyo, kwa sababu ya Skolastika, wakawahi. Nilikuwa nimefika katikati ya chumba cha kati, nimelala kifudifudi juu ya ubao, wenyeji wote wako uani kwenye jiko la nje, chumba chini yangu kitupu, nikasikia mlango unafunguliwa na sauti ya Mama Odilia, mwenyekiti wa jumuiya, sauti ambayo haihitaji kipaza sauti hata kwenye mazishi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Sasa niambieni. Mtu umelelewa tangu utoto kwamba ukisikia neno hilo unajibu, unajibu ukiwa shambani, unajibu ukiwa bafuni, unajibu hata ukiwa umekasirika. Mdomo haukuniuliza. Ukajibu wenyewe, kwa nguvu zote, kama inavyompasa mkwe wa nyumba hiyo:

"Milele, amina! Karibuni sana, viti hivyo hapo!"

"Ahsante," Mama Odilia akasema, nikasikia viti vinavutwa. Halafu nikasikia viti vinaacha kuvutwa.

"Nani kajibu?"

"Si wewe?"

"Mimi nijibu, kwangu hapa?"

"Basi nani kasema viti hivyo hapo?"

Mnajua wenyewe watu wa mikoa mingine wanavyoivumishia uchawi Sumbawanga yetu. Tunakataa, tunawacheka, tunawaambia njooni muone mji mzuri wenye baridi na watu wa sala. Lakini sauti ikitoka darini mchana kweupe, hata anayekataa anaanza kukumbuka mlango uko upande gani. Na wakati huohuo Bibi, anayetimiza wajibu wake kwa uaminifu, akagonga: ko, ko, ko.

Mwanamama mmoja akasema ameacha maharage jikoni. Mama Odilia akamzuia. "Hapatoki mtu hapa," akasema. "Kama ni mwema ataipenda rozari, kama si mwema ataikimbia. Pigeni magoti."

Ningesema neno moja tu, "Ni mimi Masunga," ingekwisha. Lakini nikaifikiria bukta, nikamfikiria mama mkwe ambaye mimi hata chakula sili mbele yake, nikanyamaza. Watu wakazidi kuingia, nikamsikia baba mkwe, nikamsikia mama mkwe, wote wakapiga magoti chini ya tumbo langu, na mimi nikagundua kwamba rozari ina nafasi yake kwa mtu aliye darini: mwongozaji akisali nusu yake peke yake natulia tuli, umati ukiitikia kwa kishindo natambaa. Nilisali pia, msidhani sikusali. Kila Salamu Maria ikanisogeza kidogo, mpaka nikafika mwisho wa chumba cha kati, nikanyoosha mkono kuishika nafasi ya kupenya kwa Bibi, nikashika tofali.

Nikapapasa juu. Tofali. Nikapapasa kushoto na kulia, tofali, tofali, mpaka kwenye bati. Ukuta wa nyumba ya zamani ulikuwa umejengwa mpaka juu kabisa, hapakuwa hata na upenyo wa panya, na mimi nilikuwa nimekaa chumbani kwa Bibi mara ngapi sijui, nikinywa chai yake, bila kuinua macho hata siku moja kuutazama. Nilitamani kujipiga kofi. Nikajigeuza nitafute namna, mguu wa kulia ukateleza ubaoni, ukakanyaga ile dari iliyopakwa rangi juzi.

Haikupiga kelele nyingi. Ilisema "kwaa" moja tu, na mguu ukapita wote mpaka kwenye kiungo cha paja, na pamoja nao vumbi na mavi ya popo ya miaka yote ile tangu dari izibwe, yakawamwagikia watu wa Mungu waliokuwa wamefumba macho. Nilijaribu kuupandisha, haukutoka, ule ubao wa dari uliovunjika ulinishika kama mtego. Baridi ya Ufipa ikanipiga pajani, nikajua sasa bukta imeonekana. Kisha nikasikia sauti nzito ya baba mkwe, polepole:

"Nani huko?"

Na mimi, kwa kuwa adabu ni adabu hata mguu ukiwa umening'inia, nikajibu:

"Shikamoo, Baba."

Nikamsikia anajipangusa vumbi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, Baba."

Mama mkwe alijifunika khanga uso mzima, na akina mama wote, kwa heshima yake, wakageuka wakatazama ukuta, hivyo nilipochungulia kwenye ufa kando ya paja langu niliona migongo tu, na Kalisto peke yake amelala chini anashika mbavu. "Msukuma kaenda kuchunga popo!" anasema. "Zizi limemshinda, kaenda kuchunga popo!"

Hapo nilitamani Mungu anichukue kwa njia ya bati. Ndipo Oresta akaja mbio kutoka sebuleni. "Misa imeanza!" akapiga kelele. "Masista wanaingia, Skolastika yuko mbele! Waya uko wapi?" Na kutoka chumba cha pili, kwa sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye amengoja na sasa anaona ananyimwa, Bibi akasema, "Ndiyo basi tena?"

Hiyo "ndiyo basi tena" ilinipiga kuliko dari. Aibu nikaiona ni kitu kidogo sana. Nikachungulia tena, na safari hii nikaona kitu ambacho ningekiona mapema nisingekuwa nashughulika na paja langu: lile shimo lilikuwa karibu kabisa na mlango wa Bibi. Mahali pekee katika nyumba ile ambapo waya ungeweza kushuka ukaingia kwake, mguu wangu ulikuwa umeshapafungua.

"Kalisto!" nikaita, na sikuita kama shemeji, niliita kama ninavyowaita vijana wa zizi ng'ombe akiwa hatarini. "Cheka kesho. Panda kiti upokee waya!"

Akanyamaza, akapanda. Nikaufungua kiunoni kwa mkono mmoja, nikauteremsha kando ya mguu wangu mwenyewe, akaupokea, akaingia nao kwa Bibi, halafu nikamsikia anasema, "Haufiki! Umebaki kidogo tu!" Nikauvuta, umekaza. Ulikuwa umenasa kwenye kenchi nyuma yangu, na mimi sikuweza kurudi nyuma, nina mguu mmoja katika kila ulimwengu.

"Nisukumeni mguu!" nikasema.

Hakuna aliyesogea, maana nani atashika mguu wa mkwe? Kisha nikasikia mikono miwili migumu, ya mkulima, imenishika unyayo. Alikuwa baba mkwe, mtu ambaye mimi sijawahi hata kumpa mkono kabla hajanyoosha wake. "Lainisha goti," akasema, na akanigeuza, akanirudisha nilikotoka, vilevile ambavyo ningemfanyia ndama. Nikatoka nikiwa nimeacha ngozi kidogo. Nikarudi nyuma kwa magoti, nikanasua waya kwenye msumari wa kenchi, nikapiga kelele, "Vuta!"

Waya ukaenda. Nilikuwa nimeushika, nikausikia unapita kwenye kiganja changu, unakwenda, unakwenda, ukasimama.

Halafu nikasikia wimbo. Si wa jumuiya, wimbo wa mbali, wa lugha nisiyoijua, safi kama vile wanaimba uani. Nikalala kwenye shimo langu, kutoka pale sikuona kioo wala kitanda, niliona kizingiti cha mlango na mabega ya watu waliosongamana, kwa hiyo ibada yote ya nadhiri za shemeji yangu niliipata kwa masikio. Nilisikia Skolastika anaitwa, nikasikia anaitika, nikasikia anasoma nadhiri zake bila kukatika hata neno moja. Lakini Bibi simsikii. Nikaogopa.

"Bibi? Inaonekana, Bibi?"

"Nyamaza," Bibi akasema. "Anaongea."

Na alipomaliza kuongea, wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa yeye, amelala chali na nyonga yake, kigelegele kirefu cha msichana wa mavunoni, na chumba chote kikalipuka, na mimi kule juu, mweusi kwa masizi, popo kushoto popo kulia, nililia machozi na nikapiga mbao za kenchi kwa ngumi zote mbili. Nilifurahi, jamani. Sijawahi kufurahi vile hata siku ya harusi yangu, na Oresta anajua, nimemwambia.

Ngazi ikaletwa, ikasimamishwa palepale shimoni. "Pasueni tu ashuke," mama mkwe akasema akiwa bado amegeukia ukuta, "rangi gani tena." Akavua khanga yake ya pili, akairusha juu bila kugeuka, nikaidaka, nikajifunga, nikashuka nayo ngazi moja moja mbele ya jumuiya nzima. Nilitegemea kicheko. Nilipata vigelegele. Mama Odilia, kitambaa chake cheupe kikiwa na mavi ya popo mpaka kwenye nyusi, akanitazama toka juu mpaka chini. "Kumbe ni wewe uliyetukaribisha viti," akasema. "Mimi nilishaanza kukuombea upumzike kwa amani." Kalisto akanibeba mabegani akanizungusha chumba, na tangu siku hiyo akianza kunitania anamalizia na "lakini waya ulifika."

Watu walipohamia kwenye chakula, Bibi akaniita. Ananiita mume wangu, kama bibi anavyomwita aliyemwolea mjukuu, na kwake pekee ndiko ninakopumua katika nyumba ile.

"Mume wangu," akasema, ameushika mkono wangu na masizi yake yote. "Nimemwona. Kuna kovu hapa chini ya kidevu, alianguka na ndoo akiwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa nimemtuma. Nimeliona lile kovu. Limefifia."

Nikainua macho, kwa mara ya kwanza, nikautazama ule ukuta unaopanda mpaka kwenye bati.

"Bibi, wewe ulijua ukuta huu unafika juu?"

"Nimelala chali mwezi mzima. Ulidhani naangalia nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniambia nigonge, nikagonga."

Basi na mimi siku ile nikaweka nadhiri zangu, mbili tu, hapohapo kitandani kwa Bibi, nimejifunga khanga ya mama mkwe. Ya kwanza, sipandi tena dari ya mtu kabla sijamwuliza anayelala chini yake anaona nini. Ya pili, suruali sivui. Ikichafuka, Oresta ataifua.